Roki ya Maendeleo na Warithi Wake

Jina ni deni. Mtu aitwaye mwalimu hudaiwa elimu, na aitwaye hakimu hudaiwa haki. Katika muziki wa Ulaya na Marekani limo jina moja lililowatia wenye kuitwa kwalo katika deni gumu la kulipa, nalo ni roki ya maendeleo. Bendi iliyopewa jina hili ikisimama mahali pamoja imelikana jina lake. Ikienda mbele, yumkini itafika mahali ambapo wapenzi wake wa kwanza hawaitambui tena. Historia ya bendi hizi toka mwaka wa 1969 hata leo ni historia ya namna kila moja ilivyojaribu kulilipa deni hilo, na ya hasara zilizopatikana katika kulilipa.

Roki yenyewe ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1950, na mizizi yake mingi imo katika nyimbo za watu weusi wa nchi ile. Ulikuwa muziki wa kuchezwa. Wimbo ulidumu kwa dakika tatu hivi, kwa kuwa sahani ndogo ya santuri haikuweza kubeba zaidi sana ya hapo, na kwa kuwa redio zilipenda nyimbo fupi. Lakini toka mwaka wa 1948 ilikuwapo sokoni sahani kubwa, yenye kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ambayo kila upande wake uliweza kuchukua dakika 20 na zaidi. Kwa muda mrefu wanamuziki wa roki waliitumia sahani hiyo kama kapu la kukusanyia nyimbo fupi. Vijana wa Uingereza wa mwisho wa miaka ya 1960 ndio waliotazama upande mzima wa santuri wakauona kuwa shamba moja linaloweza kulimwa kwa mpango mmoja.

Bendi inayotajwa mara nyingi kuwa mlango wa habari hii ni King Crimson. Tarehe 5 Julai 1969 bendi hiyo, ambayo haikuwa hata imetoa santuri, ilipiga mbele ya umati mkubwa katika bustani ya Hyde Park mjini London, kabla ya Rolling Stones kupanda jukwaani. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule ilitoa santuri yake ya kwanza, *In the Court of the Crimson King*. Ndani yake ukali wa gitaa la umeme ulikutana na saksafoni ya jazi, na nyuma yao kikasikika kinanda kiitwacho mellotron, ambacho kila kitufe chake huvuta utepe wenye sauti zilizokwisha kurekodiwa za fidla au za filimbi. Nyimbo zilikuwa tano tu. Wengine walifuata njia iliyofunguliwa. Mwaka wa 1972 bendi ya Yes ilitoa *Close to the Edge*, ambayo wimbo wake mmoja unajaza upande mzima wa sahani kwa dakika zipatazo 19. Mwaka wa 1973 Pink Floyd walitoa *The Dark Side of the Moon*, na mwaka wa 1974 Genesis walisimulia kisa kimoja katika sahani mbili.

Kwa miaka mitano hivi deni lililipwa kwa wingi. Kisha ikawa kama iwavyo kwa kila jambo jipya linalopendwa: upya uligeuka kuwa desturi, na desturi ikageuka kuwa sheria. Urefu wa wimbo, ambao mwanzo ulitokana na haja ya kusema jambo refu, ukawa alama ya heshima hata pasipo na jambo la kusema. Vinanda viliongezeka jukwaani, mavazi yakawa ya fahari. Kwa kawaida husemwa kwamba muziki wa panki, uliotokea mwaka wa 1976 na 1977 kwa nyimbo fupi na ujuzi mdogo wa makusudi, ndio uliouangusha muziki huu. Maneno hayo yana kweli, walakini si kweli yote. Robert Fripp, mpiga gitaa na kiongozi wa King Crimson, aliivunja bendi yake mwezi wa Septemba 1974, panki ingali haijajulikana, na wakati huo santuri yao *Red* ilikuwa karibu kutoka. Aliporudi na jina lile mwaka wa 1981, katika santuri iitwayo *Discipline*, mellotron haikuwamo, wala nyimbo za fahari. Badala yake palikuwa na magitaa mawili yaliyosukana kama ukili, kila moja kwa hesabu yake. Wasikilizaji waliotaka ya mwaka wa 1969 hawakuyapata. Lakini jina lilikuwa limetendewa haki, kwa kuwa aliyelibeba alikuwa amekwenda mbele.

Maisha mapya ya muziki huu yalitoka upande ambao wengi hawakuutazamia, upande wa muziki wenye jina la chuma, yaani metali. Metali ilianza katika mji wa viwanda wa Birmingham, na habari ya mwanzilishi wake mmoja hufaa kukumbukwa. Tony Iommi wa bendi ya Black Sabbath alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani alipokuwa kijana. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvika vidole, na baadaye akazilegeza nyuzi za gitaa ili zisimwumize. Nyuzi zilizolegea zilitoa sauti nzito, na uzito huo ukawa sifa ya muziki mzima. Hapo mwanzo metali na roki ya maendeleo zilikuwa kama jirani wasiosalimiana. Aliyewaamkuza ni bendi ya Rush ya Toronto, Kanada. Mwaka wa 1975 santuri yao moja iliuzwa vibaya, nao wakashauriwa waandike nyimbo fupi. Jibu lao lilikuwa *2112*, santuri ya mwaka wa 1976, ambayo upande wake wa kwanza ni kisa kimoja cha dakika 20 juu ya kijana aliyeokota gitaa katika dola lililopiga marufuku muziki. Santuri hiyo ndiyo iliyowaokoa. Vijana wengi wa Marekani walijifunza kutoka kwao kwamba uzito na hesabu vyaweza kukaa nyumba moja.

Vijana watatu wa namna hiyo walikutana mwaka wa 1985 katika chuo cha muziki cha Berklee, mjini Boston: John Petrucci wa gitaa, John Myung wa besi na Mike Portnoy wa ngoma. Bendi yao baadaye ilichukua jina la Dream Theater. Albamu yao *Images and Words* ilitoka mwaka wa 1992, wakati masikio ya Marekani yalipokuwa yametekwa na bendi za Seattle zilizoona ujuzi mwingi wa ala kuwa majivuno. Hata hivyo wimbo wao mmoja wenye dakika zaidi ya 8 ulipata nafasi redioni na katika televisheni. Jaribu lao kubwa lilikuja baada ya sifa. Kampuni yao ilitaka nyimbo nyepesi za kuuzika, na albamu ya mwaka wa 1997, *Falling into Infinity*, ilibeba alama za shinikizo hilo hata Portnoy akakaribia kuondoka. Baadaye waliachiwa uhuru. Matunda ya uhuru huo yalikuwa *Scenes from a Memory* ya mwaka wa 1999, hadithi moja ya mauaji na kuzaliwa upya inayosimuliwa kwa zaidi ya dakika 75. Wasomi wengi wa muziki huu huihesabu kuwa miongoni mwa kazi kuu za metali ya maendeleo.

Lipo shtaka dhidi ya Dream Theater, nalo halifai kufichwa. Husemwa kwamba wepesi wa vidole umechukua nafasi ya moyo, na kwamba bendi nyingi zilizowafuata zilirithi mbio zao bila ya kurithi safari yao. Sehemu ya shtaka hili ni ya haki. Mbio si mwendo, na mtu aweza kukimbia mahali pamoja. Lakini katika mwongo ule wa 1990, ambapo jina la maendeleo lilikuwa jambo la kuchekwa, bendi hii ililishika hadharani na kuthibitisha kwamba wasikilizaji wake hawajafa. Mlinzi wa ghala si mkulima, lakini msimu wa ukame mbegu huwa kwake.

Wakati vijana wa Boston walipokuwa wakilinda ghala, wengine walikuwa wakipanda mbegu ngeni katika Uswidi ya kaskazini. Mwaka wa 1987 bendi ya Meshuggah iliundwa mjini Umeå. Kazi yao hueleweka upesi kwa mtu aliyezoea kuhesabu mizani ya shairi. Chukua mshororo wa mizani 8 unaorudiwa na mpigaji toazi bila kuchoka. Kisha mwache mpiga gitaa arudie mshororo wake wa mizani 7. Mara ya kwanza wameanza pamoja. Mara ya pili gitaa limetangulia kwa pigo moja, mara ya tatu kwa mawili, na hawatakutana tena mwanzoni mpaka yapite mapigo 56. Meshuggah hutumia hesabu ngumu kuliko hiyo, na mara nyingi mshororo wa mwisho wa gitaa hukatwa ili wote waanze ubeti mpya kwa pamoja, kama mtunzi anayelazimika kumaliza maneno yake ndani ya ubeti. Msikilizaji aliyekulia penye ngoma, ambapo mapigo matatu hupishana na mawili bila kugombana, hatashangazwa na kanuni yenyewe. Atashangazwa na ukali wa sauti inayoibeba. Albamu yao ya mwaka wa 1995, *Destroy Erase Improve*, iliiweka kanuni hiyo wazi. *Catch Thirtythree* ya mwaka wa 2005 iliifikisha mbali zaidi katika kazi moja ya dakika 47. Hawakuiga mellotron, wala visa virefu, wala mavazi. Hakuna sikio ambalo lingewadhania kuwa watoto wa Yes. Hata hivyo walifanya lile lililofanywa mwaka wa 1969: waliubadili msingi wa muziki wenyewe, na kizazi kizima cha wapiga gitaa kikajifunza kuhesabu upya.

Katika nchi hiyo hiyo, mjini Stockholm, bendi ya Opeth ilikutana na deni la jina kwa njia nyingine. Kiongozi wake, Mikael Åkerfeldt, aliweza kuimba kwa sauti mbili: moja nzito ya kunguruma, ambayo wapenzi wa metali kali huitaka, na moja laini kama ya mwimbaji wa kijijini. Katika *Blackwater Park* ya mwaka wa 2001 sauti hizo mbili zilikaa katika wimbo mmoja kama usiku na mchana katika siku moja, na jina la bendi likaenea duniani. Mwaka wa 2011 Åkerfeldt alitoa *Heritage*, yaani urithi, akaiacha sauti ya kunguruma kabisa. Aligeukia vinanda na milio ya miaka ya 1970 aliyoipenda toka ujana. Wapenzi wengi walighadhibika. Albamu tatu zilizofuata, za mwaka wa 2014, 2016 na 2019, hazikuwarudishia walichokitaka.

Hapa pana fumbo ambalo historia hii haiwezi kulikwepa. Mtu aliyeacha mazoea yake ili asonge mbele alionekana kuelekea nyuma, kwenye sauti za wazee. Je, ni maendeleo hayo, au ni kuzuru makaburi? Hukumu haiwezi kutolewa kwa kutazama umri wa ala. Kwa Opeth ya mwaka wa 2011 sauti ya kunguruma ndiyo iliyokuwa desturi, ndiyo iliyokuwa salama, ndiyo iliyoleta fedha. Kuiacha kulikuwa na gharama. Kwa bendi nyingine ya mwaka ule, kuiga mwaka wa 1972 kulikuwa njia rahisi isiyogharimu kitu. Tendo lile lile laweza kuwa uhuru kwa mmoja na utumwa kwa mwingine, na kipimo kimoja kilicho karibu na haki ni kuuliza aliyelitenda alikuwa tayari kupoteza nini.

Aliyekuwa mtayarishaji wa *Blackwater Park*, Mwingereza Steven Wilson, alikuwa kiungo kati ya vizazi. Bendi yake, Porcupine Tree, ilianza mwaka wa 1987 kama mzaha wa bendi isiyokuwapo, yenye historia ya kubuni. Mzaha ukawa kweli. Baada ya kufanya kazi na Opeth, Wilson aliingiza uzito wa metali katika *In Absentia* ya mwaka wa 2002. *Fear of a Blank Planet* ya mwaka wa 2007 ilisimulia habari za vijana waliopooza mbele ya vioo vya mitambo. Hiyo haikuwa tena habari ya mazimwi na wafalme kama katika santuri za zamani. Ilikuwa habari ya chumba cha jirani. Bendi ilinyamaza mwaka wa 2010, ikarudi kwa albamu mpya mwaka wa 2022. Katikati ya kazi zake Wilson alizichanganya upya rekodi za zamani za King Crimson na Yes, ili kizazi hiki kizisikie kwa usafi. Kwa hiyo mtu mmoja alitumikia urithi kwa mkono mmoja na kuushindania uhuru kwa mkono wa pili.

Haifai kusahau kwamba uhuru wa namna hii huhitaji mtu wa kuulipia. Bendi ya Marillion ya Uingereza ilionyesha njia moja. Mwaka wa 1997 ilitangaza kwamba haina fedha za kuzuru Marekani. Wapenzi wake, kwa kupashana habari katika intaneti, walichanga dola 60,000 hivi kwa hiari yao. Mwaka wa 2001 watu zaidi ya 12,000 walilipia albamu ambayo haijatengenezwa bado. Aliyekuwa mnunuzi akawa mfadhili, na mwanamuziki akapata bwana mpya mahali pa kampuni. Bwana huyu ni mpole kuliko wa kwanza, lakini naye ana mapenzi yake na kumbukumbu zake, na mambo ya Opeth yaonyesha kwamba mpenzi aweza kumfunga mwanamuziki kwa kamba iliyo laini kuliko mkataba na iliyo ngumu vile vile kukatika.

Huko Los Angeles bendi ya Tool, iliyoundwa mwaka wa 1990, ililipa deni kwa subira. Katika wimbo wenye jina la albamu yao *Lateralus*, wa mwaka wa 2001, silabi za maneno zimepangwa kwa hesabu ya Fibonacci, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8, kisha hurudi chini. Mapigo ya kiitikio huenda kwa 9, kisha 8, kisha 7, na namba 987 yenyewe imo katika hesabu hiyo. Mtunzi yeyote wa mashairi ya mizani atatambua kazi hii: namba imekuwa kizuizi kilichochaguliwa kwa hiari, na ndani ya kizuizi hicho maneno yamepata nguvu. Toka albamu ya mwaka wa 2006 mpaka *Fear Inoculum* ya mwaka wa 2019 ilipita miaka 13. Wimbo wenye jina la albamu hiyo, wenye dakika 10 na sekunde 21, uliingia katika orodha ya nyimbo 100 za gazeti la Billboard, na hadi wakati huo haukuwahi kuingia humo wimbo mrefu kuliko huo. Sheria ya dakika tatu ilikuwa imevunjwa mlangoni mwa soko lenyewe.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2001 lilitokea jambo dogo lenye maana kubwa. Katika maonyesho kadhaa ya Marekani bendi iliyotangulia kupiga kabla ya Tool ilikuwa King Crimson. Kwa desturi mdogo ndiye atanguliaye, na mkubwa ndiye amalizaye. Hapa baba alimfungulia mtoto jukwaa. Wala baba hakupanda kupiga nyimbo za mwaka wa 1969 ili kutonesha machozi ya wazee. Alikuja na muziki wake wa wakati ule, mkali na mgumu. Waliohudhuria waliona vizazi viwili visivyofanana kwa sauti, lakini vinavyofanana kwa ukaidi.

Leo bendi zenye jina hili ni nyingi, na miongoni mwao zimo zilizofanya jina kuwa sare. Wimbo mrefu, hesabu ngumu, kisa kizito: vyote vyaweza kununuliwa dukani kama nguo. Nazo zimo ambazo bado zinalipa. Gojira wa Ufaransa, walioanza mwaka wa 1996, waliugeuza uzito wa metali kuwa kilio cha bahari na misitu. Tarehe 26 Julai 2024 walipiga katika madirisha ya ngome ya Conciergerie, katika ufunguzi wa michezo ya Olimpiki mjini Paris, pamoja na mwimbaji wa opera. Muziki uliowahi kudharauliwa ulisimama mbele ya dunia pasipo kupunguza sauti yake.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Opeth walitoa *The Last Will and Testament*. Ni kisa cha familia moja ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambamo warithi wanasomewa wosia wa baba na kugundua siri za ukoo wao. Sauti ya kunguruma ilirudi baada ya miaka mingi, safari hii ikiwa sauti ya mmoja wa wahusika, mahali inapohitajiwa. Na mtu aliyeletwa kusema baadhi ya maneno ya kisa hicho, na kupuliza filimbi, ni Ian Anderson wa Jethro Tull, mzee wa miaka ile ya 1970. Hakuitwa kuimba nyimbo zake za zamani. Aliitwa kufanya kazi katika nyumba mpya. Mrithi aliyekula mali yote ya baba amefuja; aliyeifungia sandukuni asiiguse amezika; na aliyeitia katika biashara yake mwenyewe, kwa hatari ya kupata hasara, ndiye aliyepokea wosia kama ulivyoandikwa.